Majina makubwa katika orodha ya Rotary: nani alikuwa mwanachama kweli?

Swali: "Mimi ni mfamasia mwenye umri wa miaka 34 na nina duka langu la dawa hapa Tanga. Mteja wangu wa siku nyingi, mzee ninayemheshimu sana, amenialika nijiunge na klabu ya Rotary. Ili kunishawishi alinitumia kwenye simu orodha ya watu mashuhuri ambao inasemekana ni wanachama au waliwahi kuwa wanachama: Guglielmo Marconi, Thomas Mann, Helen Keller, Sadako Ogata, Papa Fransisko, Bill Gates na Sam Owori wa Uganda. Mume wangu alipoiona alisema watu wazito kama hao hawakusanyiki mahali pamoja bure, na kwamba hiyo ni Freemason kwa jina lingine. Mimi nina hofu ya aina nyingine: kama klabu ni ya watu wa namna hiyo, mwenye duka la dawa ataingia kufanya nini? Je, orodha hii ni ya kweli? Je, ni chama cha siri? Ni cha matajiri tu? Na mwanamke hupokelewa sawasawa, au huwekwa ili kujaza nafasi?"

Jibu: Dada yangu, umeuliza maswali manne, lakini nikiyatazama vizuri naona yote yamening'inia kwenye msumari mmoja, nao ni ile orodha. Mzee wako aliituma ili ikuvutie, mume wako akaisoma ikamtia shaka, nawe ukaisoma ikakutisha. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi kusoma na kufundisha historia ya vyama vya hiari, na orodha za namna hii nimeziona nyingi. Kosa lake si kwamba zina uongo mtupu. Kosa lake ni kwamba huyaweka majina bega kwa bega kana kwamba wote waliingia kwa mlango mmoja, ilhali milango ni mingi na kila mmoja una maana yake. Kwa hiyo nitaanza na milango hiyo, kisha nitayachukua majina yako moja baada ya jingine, na hofu zako tutazikuta humo humo njiani.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Rotary ni chama cha hiari cha kutumikia jamii, na mtu hajiungi na Rotary ya dunia, bali hujiunga na klabu ya mahali fulani. Klabu ndiyo mwanachama wa Rotary International, ambayo makao yake makuu yako Evanston, karibu na Chicago, nchini Marekani. Klabu yenyewe ndiyo inayomwalika mtu, inayomkubali, inayopokea ada yake na inayoweza kumwondoa. Mwanachama wa kawaida analipa ada, anapiga kura, anaweza kuchaguliwa kuwa rais au mweka hazina wa klabu, na anatarajiwa kuonekana mikutanoni na kazini.

Kando ya mlango huo kuna mlango wa pili, wa mwanachama wa heshima. Huyu klabu humteua kwa sababu ya sifa zake au utumishi wake kwa jamii. Halipi ada, hapigi kura wala hashiki cheo ndani ya klabu, na anaweza kuwa mwanachama wa heshima wa vilabu kadhaa kwa wakati mmoja. Utaona mara moja kwa nini majina ya marais, maaskofu na wanasayansi hujaa katika orodha hizi: klabu ikimpenda mtu mkubwa wa mji au wa nchi humpa heshima hiyo, naye huipokea kwa adabu, na mara nyingi jambo huishia hapo. Heshima ya namna hiyo inatueleza zaidi klabu ilimthamini nani, na inatueleza kidogo tu mtu huyo alifanya nini ndani ya klabu.

Mlango wa tatu ndio unaowachanganya watu wengi kuliko yote, hata wanachama wenyewe. Mfuko wa hisani wa Rotary, ambao mbegu yake ilipandwa na Arch Klumph mwaka 1917 na ambao mchango wake wa kwanza ulikuwa dola 26.50 tu, una nishani iitwayo Paul Harris Fellow. Nishani hiyo hupewa mtu aliyechangia dola 1,000, au mtu ambaye mchango wa kiasi hicho umetolewa kwa jina lake. Anaweza kuwa mwanachama, na anaweza kuwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga mkutano wa Rotary. Nishani si uanachama, lakini picha ya mtu mashuhuri akivishwa nishani hiyo ikishazunguka kwenye simu za watu, baada ya miaka miwili ameshaandikwa kuwa mwanachama. Ongeza hapo waliosomeshwa na mfuko huo, waliohutubia mikutano, na wafadhili wa miradi, nawe utaelewa jinsi orodha inavyonenepa.

Sasa twende kwenye majina. Marconi, yule Mwitalia aliyeleta simu ya upepo na kupata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1909, Rotary wenyewe humhesabu miongoni mwa wanachama wao maarufu, kwa hiyo mzee wako hajakosea. Naongeza jambo moja tu, kwa kuwa umeniuliza kwa uaminifu: Marconi alijiunga na chama cha Mussolini mwaka 1923 na alishika cheo kikubwa chini ya utawala ule. Jina kuwa katika orodha si cheti cha tabia njema.

Thomas Mann anahitaji nafasi kubwa zaidi, kwa sababu kisa chake ndicho chenye uzito kuliko vyote katika orodha yako, na orodha yenyewe inakificha. Mwandishi huyu Mjerumani alikuwa mwanachama wa kweli wa klabu ya Rotary ya München tangu ilipoanzishwa mwaka 1928, na mwaka uliofuata alipata tuzo ya Nobel ya fasihi. Alikuwa mwanachama mwenye kuithamini klabu yake. Kisha Hitler akashika madaraka mwanzoni mwa mwaka 1933. Mann alikuwa amesafiri nje ya nchi kutoa mihadhara mwezi wa Februari, na hakuthubutu kurudi. Mwezi wa Aprili, klabu yake ikafuta jina lake katika daftari la wanachama. Hakufanya kosa lolote la kiklabu. Wenzake aliokula nao chakula cha mchana wiki baada ya wiki waliona kwamba jina lake limekuwa hatari, nao wakachagua usalama wao, na Wayahudi waliokuwa wanachama wakatolewa vilevile. Haikuwasaidia. Kufikia mwaka 1937 vilabu vyote vya Rotary nchini Ujerumani vililazimika kuvunjwa.

Nakueleza haya kwa sababu mtu anayeringia jina la Thomas Mann anapaswa kulibeba lote, pamoja na aibu yake. Klabu ya hiari ni watu, na watu wakitishwa huweza kumtupa aliye bora miongoni mwao. Siku utakapokuwa unapima kama klabu ya Tanga inakufaa, usiulize ni nani mkubwa aliyewahi kuketi humo. Uliza wanachama wake husimama vipi mmoja wao anapopata matatizo. Swali hilo linajibika, na majibu yake utayapata kwa kuwauliza watu watatu au wanne waliokaa humo miaka mingi, na mmoja au wawili walioondoka.

Helen Keller hayumo kabisa katika hesabu hii. Jina lake limehama kutoka kwa jirani. Mwanamke huyo wa Marekani, aliyekuwa kipofu na kiziwi tangu utotoni, alihutubia mkutano mkuu wa Lions huko Cedar Point, Ohio, tarehe 30 Juni 1925, akawaomba wawe watetezi wa vipofu katika vita dhidi ya giza. Lions ni shirika jingine, lililoanzishwa na Melvin Jones, wakala wa bima wa Chicago, mwaka 1917. Walilichukua ombi lile kwa uzito usio wa kawaida, na hadi leo kazi ya macho ndiyo inayowatambulisha duniani. Ukifika Loresho, Nairobi, utaikuta hospitali ya macho yenye jina lao. Watu huchanganya Rotary na Lions kwa sababu zote mbili zilizaliwa Chicago, zote zina beji za kifuani na zote hukutana hotelini, lakini ni nyumba mbili tofauti, kila moja na mwenyewe.

Sadako Ogata ni kisa kizuri, ingawa naye hakuingia kwa mlango wa uanachama. Mwaka 1951, akiwa binti wa Kijapani aliyetoka katika nchi iliyobomolewa na vita, alipata ufadhili wa mfuko wa Rotary akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington. Wakati ule Rotary haikumpokea mwanamke yeyote kuwa mwanachama, popote duniani, lakini ilimsomesha. Baadaye, kuanzia mwaka 1991, aliliongoza shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, na ni yeye aliyekuwa kwenye usukani mwaka 1994, pale mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walipomiminika Goma na wilayani Ngara hapa kwetu. Wasomaji wenye umri wangu wanaikumbuka kambi ya Benaco. Kama ningekuwa mzee wako, ningelitaja jina la Ogata kwa fahari zaidi kuliko la Marconi, lakini ningesema ukweli kwamba alikuwa mnufaika wa ufadhili, na kwamba fahari ya Rotary hapo ni ya mkulima aliyepanda mbegu katika shamba la mwingine.

Papa Fransisko ni mfano halisi wa mwanachama wa heshima. Akiwa bado Askofu Mkuu Jorge Bergoglio, klabu ya Buenos Aires ilimpa uanachama huo mwaka 1999, na tarehe 30 Aprili 2016, akiwa tayari Papa, aliwapokea maelfu ya wanachama wa Rotary katika uwanja wa Mtakatifu Petro, katika mwaka wa Jubilei ya Huruma. Jina lake nitalirudia nitakapofika kwenye hofu ya mume wako. Bill Gates naye ameingia katika orodha kwa njia ya fedha: tangu mwaka 2013 taasisi yake imekuwa ikiongeza dola mbili juu ya kila dola moja ambayo Rotary inachangia kutokomeza polio, kwa ukomo ambao mwanzoni ulikuwa dola milioni 35 za Rotary kwa mwaka, kisha ukapandishwa hadi milioni 50. Huo ni ushirikiano wa taasisi mbili, na ungekuwepo hata kama yeye mwenyewe asingekuwa mwanachama popote.

Limebaki jina ambalo wengi katika orodha hiyo hulipita bila kulitazama, na kwangu ndilo la maana kuliko yote kwa mtu wa Afrika Mashariki. Sam Frobisher Owori alijiunga na klabu ya Kampala mwaka 1978, miaka ya mwisho ya utawala wa Idi Amin, wakati ambapo kukusanyika tu kulihitaji moyo. Alikuwa mtu wa mabenki, akafanya kazi Benki ya Maendeleo ya Afrika, akaongoza Uganda Commercial Bank, na baadaye akawa mkuu wa taasisi ya utawala bora wa makampuni nchini mwake. Ndani ya Rotary alipanda ngazi moja moja, akawa gavana wa wilaya ya Rotary iliyounganisha nchi kadhaa za ukanda wetu. Uganda ilikuwa na vilabu 9 alipoanza ugavana huo mwaka 1987. Kufikia wakati alipoteuliwa kuwa rais wa Rotary duniani kwa mwaka 2018 na 2019, vilikuwa 89. Angekuwa Mwafrika wa pili kukalia kiti hicho, baada ya wakili Jonathan Majiyagbe wa Kano, Nigeria, aliyekikalia mwaka 2003 na 2004. Hakukikalia. Alifariki Julai 2017 huko Texas, baada ya upasuaji, akiwa amebakiza mwaka mmoja kuapishwa.

Huyo ndiye mwanachama kwa maana ambayo wewe utakuwa mwanachama: aliyelipa ada, aliyekaa kwenye kamati, aliyehangaika kuona klabu mpya zikifunguliwa. Nchini Uganda mbio za Rotary za kuchangia matibabu ya saratani, zilizoanza mwaka 2012 kwa ajili ya hospitali ya Nsambya, hukusanya umati mkubwa kila mwaka, na umati huo haukuvutwa na Marconi wala na Mann. Ulijengwa na wahasibu, walimu, wakunga na wauza vifaa vya ujenzi ambao hakuna orodha itakayowahi kuwataja.

Hapo hofu yako kwamba mwenye duka la dawa hana nafasi humo inaanza kuyeyuka, lakini niimalizie. Rotary ilianzishwa tarehe 23 Februari 1905 mjini Chicago na wakili Paul Harris, kijana aliyelelewa na babu na bibi yake katika kijiji cha Wallingford, Vermont, akaja mjini akajikuta mpweke katikati ya umati. Alikutana na wenzake watatu ofisini kwa mmoja wao: Silvester Schiele aliyeuza makaa ya mawe, Gustavus Loehr aliyekuwa mhandisi wa migodi, na Hiram Shorey aliyekuwa fundi wa nguo. Waliita chama chao Rotary kwa sababu walikutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Hakuna mashuhuri hata mmoja kati ya wanne hao. Kanuni yao ya awali ilikuwa kwamba kila kazi iwakilishwe na mtu mmoja tu, ili klabu iwe picha ya mji. Kanuni hiyo imelegezwa, lakini roho yake ipo, na ndiyo inayoeleza kwa nini wewe umealikwa: yamkini klabu hiyo ina wanasheria wanne na haina mfamasia.

Nikuonye pia kuhusu dhana iliyo kinyume chake, kwamba ukiingia humo biashara itapaa. Mwanzoni hiyo ndiyo ilikuwa hamu ya wengi. Klabu ya Chicago ilikuwa hata na karani wa kuandika nani amempa nani kazi. Mwaka 1906 wakili wa hataza aitwaye Donald Carter alialikwa, akauliza klabu inaufanyia nini mji, na aliposikia haifanyi kitu alikataa kuingia mpaka kanuni zibadilishwe. Zikabadilishwa. Mradi wa kwanza wa hadharani uliotokana na mabadiliko hayo ulikuwa kuhimiza ujenzi wa vyoo vya umma katikati ya Chicago. Naipenda sana habari hii, kwa sababu chama ambacho leo kinatajwa pamoja na majina ya washindi wa Nobel kilijifunza utumishi kwa kupigania vyoo. Utafahamiana na watu, na kufahamiana kuna faida zake halali, lakini mtu anayeingia akihesabu wateja huchoka mapema, na wenzake huchoka naye.

Kuhusu mwanamke, historia haipambiki. Kwa miaka zaidi ya 80 Rotary ilikuwa ya wanaume kwa mujibu wa katiba. Mwaka 1977 klabu ndogo ya Duarte, California, ilipokea wanawake watatu, na mwaka uliofuata Rotary International ikaifukuza. Wanachama wake hawakutawanyika. Walijiita klabu ya zamani ya Rotary ya Duarte, wakavaa beji ya gurudumu, nembo ya Rotary, lililochorwa alama ya mkato juu yake, na wakaenda mahakamani. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo tarehe 4 Mei 1987 iliwapa ushindi kwa kura 7 bila pingamizi. Mwaka huo huo Sylvia Whitlock, mwalimu mkuu wa shule, akawa rais wa klabu ya Duarte na mwanamke wa kwanza duniani kuongoza klabu ya Rotary. Mwaka 1989 katiba ikabadilishwa kwa dunia nzima, na mwaka 2022 Jennifer Jones wa Canada akawa mwanamke wa kwanza kuongoza shirika zima. Kwa hiyo kisheria utaingia sawa na mwanamume yeyote. Kama ndani ya klabu ya mji wako mwanamke hupewa kuongoza miradi au huombwa tu kusimamia chai, hilo sheria haiwezi kukujibu. Angalia nani amekuwa rais katika miaka mitano iliyopita, na nani anashika mfuko wa fedha.

Sasa mume wako. Sitaki umcheke, kwa sababu shaka yake ina mizizi. Kanisa Katoliki lenyewe lilikuwa na wasiwasi huo; mwaka 1951 Roma iliwakataza mapadri kujiunga na Rotary na kuwataka waumini wawe na tahadhari. Na mwaka 1978 Baraza la Fiqhi la Kiislamu mjini Makka, katika tamko lake la kukataza Freemason, lilizitaja Lions na Rotary kuwa na uhusiano nayo. Kwa upande wa Wakatoliki upepo uligeuka, na ndiyo sababu nilisema nitalirudia jina la Papa Fransisko: kutoka katazo la mwaka 1951 hadi Papa kuwakaribisha uwanjani mwaka 2016 ni safari ndefu.

Ninachoweza kukuthibitishia mimi, kama mtu wa historia, ni mambo ya muundo. Rotary haina kiapo cha siri, haina ngazi za kufunuliwa mafumbo, haina ishara za mikono wala ibada. Mikutano yake hufanyika hotelini au kwenye ukumbi, wageni hukaribishwa, na majina ya viongozi hutangazwa. Maneno yanayosomwa kwa pamoja katika vilabu vingi ni maswali manne yaliyotungwa mwaka 1932 na mfanyabiashara Herbert Taylor alipokuwa akiinusuru kampuni ya vyombo vya jikoni isifilisike: je, ni kweli, je, ni haki kwa wote wanaohusika, je, litajenga nia njema na urafiki, je, litawanufaisha wote wanaohusika. Inawezekana mwanachama fulani wa Rotary akawa pia Freemason, kama inavyowezekana kwa mwanachama wa chama cha wafanyabiashara, na hilo haligeuzi chama chenyewe. Lakini swali la kama dini yako inakuruhusu si langu kulijibu. Kama ninyi ni Waislamu, nendeni wote wawili kwa sheikh mnayemwamini, mkiwa na maelezo sahihi ya chama kinavyoendeshwa, si na orodha ya kwenye simu. Kama ni Wakristo, mwoneni padri au mchungaji wenu vilevile.

Kuna hatari moja inayofanana na hofu ya mume wako ambayo ni ya kweli kabisa. Nchini kwetu matapeli hubandika kwenye nguzo za umeme matangazo ya kumwingiza mtu Freemason ili atajirike, na wapo wanaotumia majina ya vilabu vya heshima kwa hila ile ile. Klabu halali ya Rotary haimwingizi mtu kwa simu, haiahidi utajiri, na haimtaki atume pesa kwenye namba ya mtu binafsi kabla hajaonana na wanachama. Ukikutana na ombi la namna hiyo, usitume hata senti, hifadhi ujumbe, na uende kituo cha polisi.

Juu ya gharama, jiandae kwa ukweli. Kuna ada ya makao makuu, ambayo katika miaka ya karibuni imekuwa takriban dola 80 kwa mwaka, kisha ada ya klabu yenyewe, chakula cha mikutano, na michango ya miradi ambayo hakuna anayekulazimisha kisheria lakini utaona haya kuikataa. Kwa duka la dawa linaloanza, jumla hiyo huuma. Muulize mweka hazina, kwa maandishi, mwanachama wa kawaida alitumia shilingi ngapi mwaka jana, chakula na michango ikiwemo. Kama ni nzito, kuna Rotaract, iliyoanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya vijana na ambayo siku hizi haina ukomo wa umri wa juu, na ada zake kwa kawaida ni nafuu zaidi. Unaweza pia kusaidia mradi mmoja bila kujiunga. Na wakikuomba uweke saini kama mdhamini wa akaunti au wa mali ya klabu katika mwaka wako wa kwanza, mwone mwanasheria kwanza, hata kama anayekuomba ni mzee wako.

Kwa upande wa uzani mwingine, nisingependa hofu ikufiche kazi yenyewe, hasa wewe mwenye taaluma ya dawa. Rotary ilianza kampeni yake ya chanjo ya polio duniani mwaka 1985. Miaka mitatu baadaye iliungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wakati ambapo polio ilikuwa ikiwapoozesha watu wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilithibitishwa kuwa haina tena virusi asilia vya polio. Februari 2022 mgonjwa mmoja akagunduliwa Malawi, virusi vikiwa vimetoka Pakistan, na ndiyo maana watoto wetu nao walipewa matone upya mwaka ule. Utaalamu wa kutunza chanjo katika ubaridi unaotakiwa, wa kumweleza mama mwenye wasiwasi kwa lugha yake, ndio ambao klabu ya mji wa pwani inaukosa pale inapojaa watu wa mabenki na wanasheria.

Ushauri wangu basi ni huu: usijibu mwaliko bado. Mwombe mzee wako uhudhurie mikutano mitatu kama mgeni, na angalau mmoja kati ya hiyo uende na mume wako, kwa kuwa wageni huruhusiwa. Omba pia kuuona mradi mmoja kwa macho, kisima au wodi au darasa, na umuulize anayeutumia, si aliyeujenga, kama bado unafanya kazi. Na utakapokutana na mzee, mwambie kwa upole amtoe Helen Keller katika orodha yake, na jina la Sam Owori alipandishe juu kabisa.